Kabla ya kununua saundi kadi, zunguka nyuma ya kompyuta

Nikisogeza mausi, mlio nao unabadilika. Hivyo ndivyo nilivyoanza kuutambua ugonjwa wa kompyuta yangu. Nilikuwa nimerekodi tangazo la sekunde 30 kwa sauti yangu mwenyewe, chumbani Tabata, usiku wa manane ili bodaboda zisiingie kwenye rekodi. Asubuhi mteja akalirudisha: sauti nzuri, ila kuna kitu kinalia nyuma kama mbu. Nikavaa hedifoni, nikasikiliza pale ninapovuta pumzi kati ya sentensi na sentensi. Kweli, mbu alikuwemo. Nikifungua dirisha jingine kwenye skrini, anapandisha sauti; nikilifunga, anashusha.

Nikafanya wanachoshauriwa wengi sauti ikisumbua: nunua saundi kadi, ile kadi ya kushughulikia sauti ya kompyuta. Nikaenda Kariakoo, nikanunua saundi kadi ya kuchomeka ndani ya kompyuta, nikaifunga, nikaweka draiva, yaani programu ya kuiwezesha kompyuta kuitumia, nikachomeka maiki kwenye tundu lake jipya. Mbu akaondoka, nami nikaamini kwamba dawa ilikuwa kadi. Baada ya miezi kadhaa nilikuwa nasafisha vumbi, na wakati wa kurudisha nyaya nikachomeka maiki kwenye tundu la waridi la nyuma, lile la ubao mama wenyewe, yaani ule ubao mkubwa unaobeba vipande vyote vya kompyuta. Sikuwa nimelitumia hata mara moja, kwa sababu tundu la mbele lilikuwa karibu na mkono. Nikarekodi. Mbu hakuwemo.

Tundu la mbele limeunganishwa na ubao mama kwa waya mrefu, mwembamba, unaokatiza ndani ya kasha zima, jirani na kadi ya picha, feni na nyaya za umeme. Waya huo unanasa kila fujo inayopita karibu yake. Kadi ya picha ikiongeza kazi, hata kazi ndogo ya kuchora mshale wa mausi unaotembea, fujo hiyo inasikika kwenye maiki. Tundu la nyuma limefungwa moja kwa moja kwenye ubao, hatua chache tu kutoka kwenye chipu ya sauti. Ile kadi ilinisaidia kwa sababu moja tu: ilinilazimisha kuchomeka maiki nyuma.

Tangu hapo msimamo wangu ni huu, na kila anayeniuliza namwambia. Kama kazi yako ni kusikiliza, yaani muziki, filamu, michezo na mikutano ya mtandaoni, sauti iliyokuja na kompyuta inakutosha. Pesa yako ipeleke kwenye spika au hedifoni. Kama kazi yako ni kurekodi, nunua kifaa cha nje cha USB chenye tundu la XLR, lile la pini tatu la maiki za studio. Ile kadi ya kuchomeka ndani, iliyo katikati ya hayo mawili, karibu haina tena mtu wa kumnunulia.

Najua ushauri wa kununua kadi ulitoka wapi, na zamani ulikuwa ushauri wa haki. Kompyuta za mwanzo aina ya IBM na zilizofanana nazo zilikuwa na kispika kidogo cha kutoa mlio wa bipu, basi. Mwaka 1989 kampuni ya Creative ya Singapore ikatoa Sound Blaster, na kwa miaka mingi kusema kompyuta ina sauti ilikuwa sawa na kusema ina kadi. Miaka ya mwisho ya 1990, mpango wa Intel ulioitwa AC'97 ukaanza kuihamishia sauti kwenye ubao mama, na nyingi za chipu zile za awali zilikuwa hafifu kweli. Aliyezisikia wakati ule hakukosea kuzikataa. Lakini mwaka 2004 Intel ikaleta mpango mwingine, High Definition Audio, unaoruhusu hadi biti 32 kwa kila kipimo cha sauti, vipimo 192,000 kwa sekunde (ndiyo kilohezi 192), na chaneli nane, yaani njia nane za sauti za spika tofauti. Kisha ikaja Windows Vista mwaka 2007, ikaifunga ile njia ambayo michezo iliitumia kukabidhi kazi ya sauti moja kwa moja kwa kadi. Kazi kubwa iliyobaki ya saundi kadi ikahamia kwenye prosesa, na prosesa za leo zinaifanya bila kuchoka. Ushauri, hata hivyo, ulibaki midomoni mwetu, ukapokezana kutoka kwa fundi mmoja hadi mwingine.

Tuangalie namba kidogo. CD, tuliyoichukua miaka yote kuwa kipimo cha sauti safi, ni biti 16 na kilohezi 44.1, umbali kati ya sauti yake kubwa na ukimya wake ni kama desibeli 96. Chipu ya sauti ya Realtek ALC1220, inayopatikana kwenye ubao mama za bei ya juu kidogo, inatajwa na watengenezaji wake kufika desibeli 120. Ikishafungwa kwenye ubao haifiki huko, kwa sababu jirani zake wana kelele, na chipu za bei nafuu ziko chini zaidi. Lakini wewe unasikilizia wapi? Chumba chenye feni ya dari, friji inayonguruma, jirani aliyefungulia redio. Kelele za chumba zinakuwa zimeshafunika kasoro ya chipu zamani sana. Spika za plastiki za bei ya chini zitaharibu muziki mara nyingi zaidi kuliko chipu yoyote ya Realtek, na hilo utalisikia hata bila kufundishwa.

Kuna mtu mmoja ambaye namwelewa akilalamika kuhusu tundu la kompyuta yake: mwenye hedifoni nzito za studio. Hedifoni za kawaida zina ukinzani wa omu 32 hivi. Beyerdynamic DT 990 Pro, ambazo wanamuziki wengi wanazipenda, zina toleo la omu 250, na tundu la laptopu nyingi halina nguvu ya kuzisukuma. Utaweka sauti mpaka mwisho na bado zitakuwa zinanong'ona. Huyo anahitaji ampu ya hedifoni, yaani kikuza sauti cha kuzisukuma. Wengine wote, kama tundu la laptopu limelegea au linakwaruza, kile kiwaya kifupi cha USB-C cha Apple cha kuchomekea hedifoni, ambacho Marekani kimekuwa kikiuzwa dola 9, kinatoa sauti safi kiasi kwamba naona vigumu kumshauri mtu wa kawaida anunue kingine. Jihadhari tu na vile vidude vya USB vya bei ya chee vilivyoandikwa "7.1" kwenye boksi huku vina tundu moja la hedifoni na moja la maiki. Hiyo 7.1 maana yake ni chaneli nane, na chaneli nane hazipiti kwenye waya wa chaneli mbili. Wanaouza vitu hivyo wanawaumiza vijana wanaodunduliza.

Kurekodi ni jambo jingine kabisa, na hapa ndipo nataka watu wasione uchungu kutoa pesa. Tundu la waridi lilitengenezwa kwa maiki ndogo za hedseti, zinazohitaji volti chache tu. Maiki nyingi za studio zinadai volti 48 na waya wa XLR, na zinahitaji kikuza sauti kisichoongeza mchakacho wake mwenyewe. Hapo ndipo chipu ya ubao mama inaposhindwa. Mbu wangu alipoondoka ulibaki mchakacho, ule wa "shhh" kama mvua ya mbali juu ya bati, na ile kadi ya Kariakoo haikuupunguza hata kidogo, kwa sababu nayo ilikuwa na tundu la aina ileile. Uliondoka siku nilipoazima Behringer UM2 ya rafiki, kifaa cha nje cha USB. Kifaa hicho kinaishia kilohezi 48, wala si cha kujivunia mbele ya watu wa studio, lakini kina XLR na zile volti 48. Nilirekodi aya moja, nikaisikiliza, nikanyamaza. Nilikuwa sijawahi kusikia sauti yangu ikiwa peke yake.

Jambo la pili ni kuchelewa. Mpiga kinanda anajua: unabonyeza, sauti inakuja baadaye. Kwenye njia ya kawaida ya Windows ucheleweshaji huo unaweza kufika makumi ya milisekunde, na mkono wa mpigaji unayumba kwa sababu sikio halimwambii ukweli. Kampuni ya Steinberg ya Ujerumani ilibuni ASIO, njia ya mkato ya kupitisha sauti kati ya programu na kifaa, mwaka 1997 kwa ajili hiyo, na vifaa vingi vya nje vinakuja na draiva yake. Ukiweka bafa, yaani akiba ndogo ya sauti inayosubiri kupita, ya sampuli (vipimo) 256 kwa kilohezi 48, ni kama milisekunde tano, muda ambao sauti hewani inasafiri chini ya mita mbili. Ni sawa na kukaa karibu na spika yako. Isitoshe, vingi vina swichi ya kukurudishia sauti ya maiki masikioni kabla haijaingia kwenye kompyuta, na mwimbaji akishaizoea hiyo hataki tena kuimba bila yake.

Lakini hata kifaa cha nje hakiponyi kila mvumo. Mwezi uliopita kijana wa kwaya alinipigia kutoka Kigamboni. Laptopu yake imeunganishwa na mikisa, mashine ya kuchanganya sauti, na spika zinavuma "mmmm" nene mfululizo. Duka limemwambia laptopu ni mbovu upande wa sauti, anunue kadi ya USB. Pesa ilikuwa ya mchango wa wanakwaya.

Nikamwambia achomoe chaja ya laptopu, aache betri ifanye kazi. Akachomoa. Kimya. Akachomeka, mvumo ukarudi. Mvumo mnene wa namna hiyo mara nyingi unatokana na umeme wetu wenyewe, unaopiga hezi 50: laptopu imechomekwa ukuta huu, mikisa ukuta ule, na ethi za pande mbili, yaani nyaya za usalama zinazoenda ardhini, hazilingani, au upande mmoja hauna kabisa. Mkondo unatafuta njia, unaipata kwenye waya wa sauti. Kadi ya USB ingeweza kuupitisha mvumo uleule, kwa sababu nayo inashiriki ethi ya laptopu.

Akaniuliza kama avunje ule mguu wa juu wa plagi, wa ethi, maana fundi mmoja alimwambia hivyo ndivyo wanavyofanya ukumbini. Hapana, na tena hapana. Ule mguu ndio unaokinga roho ya mwimbaji anayeshika maiki ya chuma kwa mkono uliolowa jasho. Nilimwambia achukue ekstensheni moja nzima, yenye miguu mitatu ya kweli, achomeke laptopu, mikisa na spika zote humo humo.

Simu ilikuwa bado wazi. Nilisikia viti vikisogezwa, mtu akiuliza ekstensheni ya sebuleni iko wapi, kisha kishindo cha spika zikiwashwa. Halafu sauti ya pili ya kwaya ikaanza kupasha moto, na nyuma yao hakukuwa na kitu.