Mgonjwa wa kansa aachwe asimulie

Sisi watu wa Kanda ya Ziwa tunajua kumjali mgonjwa. Tutabeba uji kwenye chupa, tutapanda kilima cha hospitali ya Bugando, Mwanza, jua likiwaka, tutasubiri getini mpaka muda wa kuona wagonjwa ufike. Tukishaingia wodini, tunaongea sisi. Pole sana, Mungu ni mwema, fulani naye aliumwa hivihivi akapona, jitahidi kula. Mgonjwa anaitikia. Tunamwombea, tunaaga, na yeye mwenyewe hajasema lolote.

Mwenye malaria anaweza kuvumilia hilo, kwa sababu siku chache baadaye yuko sokoni. Kansa inachukua miezi. Kemo, yaani dawa za kuua seli za kansa, nyingi hutolewa kwa mizunguko, mara nyingi kila baada ya wiki tatu, na katikati hapo mtu wa Ukerewe au Sengerema anakaa kwa ndugu mjini Mwanza, Igoma au Buhongwa, akihesabu tarehe, maana nauli ya kwenda na kurudi nayo ni mzigo. Muda wa kuwaza anao mwingi mno. Wa kumuuliza anawaza nini, hana.

Mama mkubwa wangu, mfanyabiashara wa dagaa, alipokuwa anatibiwa kansa ya titi, mjukuu wake alimnunulia daftari. Kurasa za mwanzo hazina ugonjwa hata kidogo. Ni madeni: nani kachukua magunia mangapi, nani kalipa nusu, nani kahama mwalo bila kuaga. Halafu katikati ya majina ya wadaiwa inatokea mistari miwili: “Usiku mdomo unawaka, hata maji yana ladha ya chuma. Sikumwambia daktari, niliona nisimchoshe.” Kliniki alikuwa anajibu, kwa adabu aliyolelewa nayo, kwamba anaendelea vizuri. Binti yake alipoisoma mistari ile, alimwomba ruhusa, akaenda na daftari siku ya kliniki. Vidonda vya mdomoni ni jambo la kawaida kwa watu wanaopata kemo na vina namna ya kutulizwa. Mama mkubwa alitoka na dawa ya kusukutua, na wiki hiyo akala ugali.

Naliamini daftari kwa sababu ya mambo kama hayo, ingawa wataalamu nao wamelitazama suala hili kwa muda mrefu. Mwaka 1986 mwanasaikolojia wa Marekani, James Pennebaker, na mwenzake Sandra Beall walichapisha utafiti ambamo wanafunzi wa chuo waliandika dakika 15 kwa siku nne mfululizo kuhusu mambo yaliyowaumiza. Mwaka 2002 Annette Stanton na wenzake waliwapa kazi inayofanana na hiyo wanawake waliotibiwa kansa ya titi, wakaona dalili za mwilini zimepungua kwa walioandika hisia zao. Tafiti nyingine zilizofuata zimetoa majibu mchanganyiko, na nyingine hazikuona tofauti yoyote. Kwa hiyo asije mtu kumwambia mgonjwa aache mionzi ashike kalamu. Kuandika hakupunguzi uvimbe. Kunampa mtu mahali pa kuweka yale asiyoweza kumwambia mumewe wala mchungaji.

Na hapa nina neno na wenzangu wa makanisani na misikitini. Tumezoea hadithi ya ugonjwa iwe ushuhuda: niliumwa, niliomba, nimepona. Ushuhuda ni mzuri kwa aliyepona. Yule ambaye kansa imeenea, anayepata tiba shufaa tu, ya kutuliza maumivu na mateso mengine, atasimama wapi? Nimeona wagonjwa wakinyamaza kwa kuogopa kwamba wakisema wanaogopa, wataonekana hawana imani. Tuwaruhusu waseme wamechoka. Tuwaruhusu wamkasirikie Mungu kwenye karatasi. Manabii walimlalamikia waziwazi na hakuwafukuza.

Wengine watauliza kuhusu bibi asiyejua kusoma. Simu ina kinasa sauti. Aongee Kisukuma chake, au Kikerewe, au Kijita, mjukuu arekodi. Kwa kweli wazee wetu wana nguvu zaidi kwenye kusimulia kuliko kwenye kuandika, na swali jepesi linatosha kuwafungua: ulipokuwa msichana mlikuwa mnaanikaje dagaa? Ukianza na ugonjwa anafunga mdomo. Ukianza na dagaa, jioni mtakuwa mmefika kwenye ugonjwa wenyewe.

Jambo hili si geni kwenye ziwa letu. Ng’ambo ya pili, Uganda, akina mama wa NACWOLA, chama cha wanawake waliokuwa wanaishi na VVU, walianza miaka ya 1990 kuwaandikia watoto wao vitabu vya kumbukumbu: ukoo wenu ni upi, ulizaliwaje, ulipenda kula nini. Wengi waliogopa kufa kabla watoto hawajafikia umri wa kuuliza. Mama mwenye kansa ya shingo ya kizazi leo ana hofu hiyohiyo, na sijaona kwa nini asipewe njia hiyohiyo.

Mwanza tunao watu wa kuifanya kazi hii. Wanafunzi wa uandishi wa habari wako pale SAUT, Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, na wanafunzi wa uuguzi na udaktari wako CUHAS, chuo kikuu cha afya kilichopo Bugando. Wachache wafundishwe kukaa kimya na kusikiliza, kisha wapangiwe Jumamosi. Masharti yawe wazi tangu mwanzo. Daftari ni mali ya mgonjwa, na sauti yake haiendi kwenye grupu la WhatsApp la ukoo bila yeye kukubali. Asiyetaka kusimulia aachwe, na anayelia akisimulia asikatishwe kwa “nyamaza, utapona.” Akisema hataki tena kuishi, muuguzi aambiwe siku hiyohiyo. Na kama yuko kwenye kemo akasema mwili unachemka, funga daftari umpime: homa ya nyuzi 38 kwa mtu ambaye kinga yake imeshuka haisubiri kliniki ijayo, ni ya kukimbizwa hospitali hata kama ni saa nane usiku.