Kache iliyofutwa kwenye Linux

Wanafunzi wa kompyuta hapa Unguja, wa Tunguu na wanaojifunzia majumbani, aghlabu huwa na imani moja: penye kache, yaani hifadhi ndogo ya kukumbukia majibu ya karibuni, pana kasi, na anayeiondoa anaharibu. Ndiyo maana wengi hawaelewi kwa nini toleo 6.1 la kerneli (kiini cha mfumo) ya Linux, Disemba 2022, lilifuta kache ya kutafutia maeneo ya kumbukumbu, yaani vipande vya anwani ilivyopewa programu. Walioifuta wanalaumiwa bure.

Walioiweka nao walikuwa na hoja. Programu inapogusa anwani, mara nyingi kerneli hulazimika kujua imo katika eneo gani, na maeneo yalipangwa katika mti mwekundu-mweusi, mpango wa data ambao kila hatua huwa na matawi mawili. Kwa maeneo 1,000, huo ni mshuko wa ngazi 10 hivi. Awali mchakato mzima, yaani programu inayoendeshwa, ulikuwa na nafasi moja tu ya kukumbuka, nyuzi zake (kazi zinazokwenda sambamba ndani yake) zikipokonyana. Mwaka 2014, katika toleo 3.15, mtengenezaji wa kerneli Davidlohr Bueso aliupa kila uzi nafasi nne zake. Katika jaribio la ebizzy, programu ya kupimia kasi, majibu yaliyopatikana kwenye kache yalipanda kutoka kama asilimia 1 hadi 99.97. Haipuuzwi namba hiyo.

Lakini kukumbuka ni nusu ya kazi. Anayeshika kichwani nyumba nne za Mkunazini lazima apate habari moja ikibomolewa, ama sivyo atampeleka mgeni kwenye kifusi. Kerneli ilipashana habari hizo kwa namba ya mfuatano ya biti 32: eneo likifutwa, namba hupanda, na uzi unaoona namba yake imepitwa hutupa kache yake. Namba hiyo ikishapanda mara 4,294,967,296 hurudi pale pale ilipoanza. Hapo kache zote zilipaswa kusafishwa, ila kuanzia toleo 3.16 mchakato wenye uzi mmoja ulisamehewa usafishaji.

Mwaka 2018 Jann Horn wa Project Zero, kikosi cha Google cha kusaka makosa ya usalama, akaonyesha gharama ya msamaha huo. Uzi unazungusha namba hadi sifuri huku wenyewe ukibaki na namba ya zamani, unazaa mwenziwe, yule anaipandisha tena mpaka ilingane na ile ya zamani. Kache iliyokufa inahesabiwa hai, nayo inaelekeza kwenye kumbukumbu iliyokwisha kuachiwa. Hatua hizo zote zilimalizika kwa saa moja hivi, na mtumiaji wa kawaida akaishika mashine nzima. Dawa ikawa namba ya biti 64.

Sasa tazama mti mpya ulioletwa na Liam Howlett na Matthew Wilcox katika 6.1 badala ya ule mwekundu-mweusi. Nodi (kifundo cha mti) ya chini hubeba hadi maeneo 16, za juu matawi 10, kwa hiyo maeneo 1,000 yanaweza kukaa katika ngazi 3. Kache ya kuokoa hatua chache hivyo, huku kila anayegusa msimbo akiilinda isidanganye, ya nini?

Watetezi wa kache watataja StackRot, kosa la mti huohuo mpya lililotangazwa Julai 2023, kwenye matoleo 6.1 hadi 6.4. Ni kosa zito, wala silifichi. Ila lile lilitokana na kubadilisha nodi bila kufuli la uandishi, linalowazuia wengine wakati wa mabadiliko; kache isingelizuia.

Lile la 2018 linatuhusu hata sisi. Simu za Android nazo hutumia kerneli ya Linux, basi anayenunua ya mtumba Darajani afungue mipangilio atazame toleo la kerneli. Akikuta 4.4 au 4.9 isiyopata masahihisho tokea kabla ya Septemba 2018, kosa la namba bado limo.