Choo Kisichojaa

Nyumbani kwa marehemu babu, Mikindani mkoani Mtwara, kuna choo ambacho ukoo mzima unajivunia. Hakijawahi kujaa. Kilichimbwa kabla sijazaliwa, kimehudumia harusi, misiba na wapangaji, na gari la majitaka halijawahi kukanyaga uani. Jirani akilalamika kwamba chake kimejaa mwaka wa tatu tu, shangazi hutabasamu kama mganga mwenye dawa asiyoitaja.

Siku moja ya bamvua, bahari inapojaa kupita kawaida, nilifunua mfuniko. Bahari ilikuwa imejaa hadi kwenye mikoko, na mle shimoni nako maji yalikuwa yamepanda, yamebakiza kama mkono mmoja kufikia zege. Nikarudi jioni maji yakiwa yamekupwa. Shimo nalo limeshuka. Ukuta bado unatiririka pale maji yalipokuwa. Kumbe choo chetu hakijai kwa sababu kinajaa na kupwa na bahari. Ardhi ya pale ni jiwe la matumbawe, matundu matupu kama sponji. Tunachokiweka usiku kinaondoka na maji yanayotoka, na hatua chache kutoka hapo kina mama wanachokoa pweza na kuokota kombe.

Ndiyo maana nikisikia watu wanazungumzia mtambo wa kisasa wa kusafisha majitaka kwa mji wetu, nashangilia, kisha naingia wasiwasi. Wengi wakisema "kisasa" wanawaza mota zinazonguruma, matangi ya chuma na mtaalamu aliyevaa kofia ngumu. Sisi wa kusini tunakujua kukatika kwa umeme. Mtambo unaotegemea mota kupuliza hewa ndani ya majitaka, umeme ukikatika muda mrefu vijidudu vyake vinavyokula uchafu vinakufa, na kinachotoka upande wa pili ni karibu kilekile kilichoingia.

Mabwawa ya kusafishia majitaka hayana haja hiyo ya umeme. Bwawa la kwanza huchimbwa kina kirefu, mita tatu hivi au zaidi, lisilo na hewa. Uchafu mzito unatuama chini na vijidudu vinautafuna. Katika joto kama letu, bwawa hilo peke yake linaweza kuondoa nusu ya mzigo au zaidi. La pili lina kina kifupi, lina rangi ya kijani, mwani unalipatia hewa bila mtu kubonyeza swichi. Ya mwisho ni mafupi zaidi ili jua lifike chini liue vijidudu vya magonjwa. Ukimalizia na kitalu cha kokoto kilichopandwa matete, maji yanachujwa tena kwenye mizizi. Moshi wana mabwawa ya namna hii, na wakulima wa mpunga wanayatumia maji yake. Jua tunalo, tena la kulalamikia.

Ubaya wake ni mmoja, yanakula ardhi. Na hapo ndipo naogopa mikoko. Mtu akitazama ramani ya Ghuba ya Mikindani ataona "eneo tupu" la matope, bei rahisi, karibu na mji. Si tupu hata kidogo, samaki wadogo wanalelewa humo. Tena sehemu ya ndani ya ghuba, pale mji ulipo, ina mlango mwembamba, haibadilishi maji kama bahari iliyo wazi; ukiimwagia mbolea ya vyoo inaota mwani wa kuziba matumbawe. Ukienda bara nako usije ukachimba juu ya vyanzo vya maji vya Mtawanya. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya kazi kuanza, na mimi ningependa wavuvi waitwe siku ya kuchagua eneo, wasisubirishwe hadi siku ya kukata utepe.

Lakini hata hilo si tatizo kubwa kama gari la majitaka.

Sensa ya mwaka 2012 ilituhesabu zaidi ya watu 108,000 katika Manispaa ya Mtwara Mikindani, na tangu hapo tumeongezeka. Wengi wetu tuna choo cha shimo au shimo la septiki. Mtambo ukijengwa kungoja mabomba ya mitaani utangoja sana. Ujengwe kwanza kupokea topekinyesi, yaani tope la vyooni, linaloletwa na magari: mahali pa kumwagia, vitanda vya mchanga vya kukaushia, na muda wa kutosha, maana mayai ya minyoo yanaishi kwenye tope miezi na miezi. Mabomba yatafuata.

Na gari lazima lifike. Wakati fulani nilikodi gari kwa nyumba niliyopanga, tripu mbili. Tripu ya kwanza ilipoondoka sikumaliza hata chai, dereva amerudi na tangi tupu. Nikamuuliza amemwaga wapi haraka hivyo. Akacheka, akaanza kuunganisha mpira. "Kaka, wewe umenilipa kunyonya," akasema. Sikumlaumu sana. Dizeli ananunua yeye, na mwenye gari anasubiri hesabu jioni. Kituo kikiwa mbali, na kumwaga huko kukitozwa ada, gari litapata kichaka. Ningekuwa na mamlaka, ningelipa dereva anapomwaga kituoni, si anaponyonya kwangu.

Wasiomudu gari wana njia yao, na kila masika tunaiona: mvua ikikolea, mtu anatoboa choo, kinatapika mtaroni, mtaro unaelekea baharini. Kesho yake watoto wanaogelea.

Fedha za kumlipa dereva zitoke wapi? Kwenye bili ya maji, kidogo kidogo kila mwezi, kila nyumba inyonyewe kwa zamu. Najua bili haipendwi. Ila kutoa fedha nyingi kwa mkupuo ndiko kunakowafanya watu wangoje mvua.

Nilimpelekea shangazi wazo la kujenga shimo la septiki lisilovuja, nikamweleza habari za bamvua na pweza. Alisikiliza hadi mwisho, mkono shavuni.

"Kwa hiyo mwanangu," akasema, "unataka nijenge choo kinachojaa?"

Ndiyo, shangazi. Matofali nimeshaagiza.