Bibi apumzike mpaka lini?

Mwaka jana bibi yangu, miaka 78, alianguka usiku akienda chooni, nyonga ikavunjika. Akapasuliwa, akawekewa chuma, na operesheni yenyewe ilienda fresh tu. Waliotaka kummaliza ni sisi ndugu zake, tena kwa mapenzi kabisa.

Kesho yake asubuhi kaja kijana wa mazoezi na kile kigari cha kushikilia, anasema bibi leo tunasimama. Shangazi akamjia juu, "We baba huna huruma? Jana tu kapasuliwa!" Wodi nzima ikaitikia eeh jamani mwacheni mzee apumzike, na mimi nikiwemo. Basi bibi akalala siku 5. Sasa mzee kulala hivyo sio kupumzika, ni kuisha. Hata mzee asiyeumwa kitu akilazwa tu siku 10 anapoteza karibu kilo nzima ya msuli wa miguu, bado hujahesabu vidonda vya makalio, damu kuganda mguuni, na makohozi kukaa kifuani mpaka inakua nimonia.

Usiku wa tatu akaanza kumuita babu, ambaye tulishamzika zamani, huku anang'oa dripu. Mjomba akasema hapa kuna mkono wa mtu. Mwingine akasema nusu kaputi imempanda kichwani. Nesi wa zamu yeye akauliza swali moja tu, miwani yake iko wapi? Iko kwenye pochi ya shangazi, tuliogopa itaibiwa 🙈. Na meno yake ya bandia? Yako nyumbani kwenye kikombe cha plastiki. Yaani mtu haoni vizuri, hatafuni, choo hajapata siku ya nne, maumivu anayaficha asionekane msumbufu, asichanganyikiwe kwanini? Miwani ikaletwa, mchana pazia wazi, dawa ya maumivu kwa saa yake. Haikuisha siku hiyohiyo, lakini wiki ilivyokua inakatika akaniuliza kama nimekula.

Na chakula chenyewe tulikua tunampelekea uji mweupe na chai ya rangi, eti mgonjwa anahitaji kitu laini. Kidonda kitazibwa na nini hapo? Mayai, maziwa, maharage, dagaa, ndio vya kumpa.

Watu wanapenda kusema "umri umeenda, asipasuliwe", mi naona umri unasingiziwa tu. Kuna mzee wa 85 aliyekua anaenda shamba mwenyewe anainuka haraka kuliko wa 65 ambae sukari iko juu na mwili umekonda. Kubwa zaidi ni kuchelewa, nyonga ikivunjika inatakiwa ipasuliwe ndani ya siku mbili hivi, sisi tunaanzia kwa fundi wa kuunga mifupa, halafu ndio lifunguliwe grupu la WhatsApp la michango. Na ile mizizi anayokunywa ya presha mwambieni daktari, msione aibu, zipo zinazofanya mtu avuje damu sana na nyingine zinagombana na nusu kaputi.

Siku hizi bibi anatembea na fimbo mpaka barazani kugombana na muuza mboga. Shangazi bado hajakubali, juzi kaleta kiti cha magurudumu zawadi. Bibi kashukuru sana, kakitoa uani, anaanikia dagaa.