Udhamini wa alama: mtoto wa Kiunga ashindane na nani?

Matokeo ya KCSE, mtihani wa Kenya wa kumaliza sekondari, yakishatoka, mabaraza ya Amu, mji wa Lamu, huwa na maswali mawili: nani kapata ngapi, na nani atamlipia chuo. Mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya elimu ya juu, hurudishwa, udhamini haurudishwi. Ndiyo maana udhamini unaofuata alama hugombewa.

Wanaoutetea wana hoja nzito. Basari ya wasiojiweza huanzia kwenye barua ya chifu, na barua hutegemea unavyojulikana. Alama hazina mjomba. Mtoto wa mvuvi akipata A, ni vigumu mtu kumwambia faili lake halionekani.

Sawa, lakini alama zake zinalinganishwa na za nani? Wamarekani wana mashindano yaitwayo National Merit, yaliyoanza 1955. Wanafunzi zaidi ya milioni moja hufanya mtihani wa PSAT mwezi wa Oktoba, na kiasi cha 16,000 huingia nusu fainali. Hawachujwi kwa orodha moja ya nchi nzima. Kila jimbo hupewa nafasi kwa kadiri ya wanafunzi wake wanaomaliza sekondari, kisha watoto wa jimbo hilo hushindana wao kwa wao. Alama inayomwingiza mtoto wa North Dakota humwacha nje mwenzake wa New Jersey. Mzazi wa New Jersey akinung'unika simlaumu: mwanawe kapata alama nyingi zaidi na kakosa. Ajabu yangu ni nyingine. Tuzo yao ya dola 2,500, inayotolewa mara moja tu, haiulizi kipato cha nyumbani, kwa hiyo hata mtoto wa tajiri huichukua.

Kwetu, kugawa nafasi kwa kaunti kungemwondolea mtoto wa Kiunga, huku Lamu, ushindani na shule za Nairobi zenye maabara kamili. Ila kaunti yenyewe si moja. Wadi ya Basuba shule zake za msingi zilifungwa kwa muda mrefu kwa sababu ya mashambulizi ya al-Shabaab. Aliyepitia huko akapata B, na wa Amu mjini aliyepata B+ akiwa na mwalimu wa ziada jioni, yupi kajitahidi zaidi? Karatasi ya matokeo haisemi.

Mimi naona mchujo wa kwanza uwe wa alama, wadi kwa wadi, kisha uwezo wa mzazi ndio uamue kiasi cha fedha. Hatari yake naijua: wadi ikiwa ndogo, wote ni jamaa, na yule mjomba tuliyemtoa mlangoni anarudi kwa dirishani. Basi kila mwaka alama ya mtu wa mwisho aliyechukuliwa katika kila wadi ibandikwe ukutani kwa chifu, pamoja na ya wa kwanza aliyeachwa.