Naomba Ndala ya Mama Mkwe

Kwanza tuwekane sawa: sikulia. Kile kinachong'aa usoni kwangu kwenye video ya shemeji ni jasho. Naandika haya kwa sababu ameiweka status tangu jana jioni, na leo asubuhi hata muuza chapati wa pale kituoni kaniuliza, "Bosi, umeisukuma kutoka wapi leo?"

Harrier mnaijua. Nimewachosha nayo wiki nzima. Ile Toyota ambayo mtaani tunaiita Anaconda, ya 2014, haibridi, yaani mafuta na umeme, namba ya usajili E. Si mimi niliyewaeleza kwa mbwembwe kwamba haibridi imeumbwa kwa foleni za Dar? Kwamba ukikanyaga breki mota inageuka jenereta, umeme unarudi kwenye betri? Kwamba kwenye mwendo wa konokono gari inajitembelea kwa betri, injini imelala, petroli imetulia? Mmoja wenu akauliza betri kubwa ikiwa imechoka itakuwaje, maana bei yake unanunua bodaboda. Nikamjibu kwa dharau kwamba fundi wangu alichomeka kifaa chake na kuipima kipande kwa kipande kabla sijatoa hata mia. Ni kweli alipima, na betri ni nzima. Kibovu kilikuwa juu ya shingo yangu.

Maana kitu kimoja nilikuwa sijakifanya: kuisikiliza. Siku tatu tangu niichukue nilikuwa naendesha na mziki umefika mwisho, vioo vinatetemeka. Injini izime, iwake, ningejulia wapi?

Jana mimi na shemeji tukaenda stendi ya Magufuli, Mbezi, kumpokea mama mkwe kutoka Singida. Kaja na begi, dumu la mafuta ya alizeti na kuku wawili. Begi akaliweka miguuni pake kiti cha nyuma, dumu na kuku nyuma kwenye buti. Nikazima mziki. Mama mkwe yumo ndani, utamfungulia singeli? Balaa lote limetokana na hiyo heshima.

Morogoro Road yote salama, injini inanguruma vizuri. Tukapita Ubungo, tukaingia Sam Nujoma, tukaipita Mlimani City, tukakaribia Mwenge, na hapo mnapajua. Foleni imelala. Nikasimama nyuma ya daladala ya Tegeta.

Kimya.

Si kimya cha kawaida, jamani. Nilimsikia kuku akimeza mate. Mtetemo hakuna, muungurumo hakuna. Moyo ukapiga paa. Gari ya siku tatu, mkopo wa miaka mitatu, na mama mkwe anaangalia kisogo changu.

Nikaweka P, nikabonyeza kitufe kuzima. Nikakanyaga breki, nikabonyeza tena. Mimi nasubiri ile nyanyanya-vruum niliyoizoea. Kikalia kidude "ting", halafu yule dada wa ndani ya dashibodi akasema sentensi ndefu ya Kijapani, kwa upole kabisa, kama nesi anayekupa majibu mabaya. Vruum hakuna. Nikarudia. Ting, dada, kimya. Nikarudia mara ya tatu. Konda wa daladala ya pembeni kaingiza shingo dirishani: "Oya, huyo anasemaje?"

"Anasema ni umeme," nikajibu. Sijui nilikitoa wapi Kijapani.

Mama mkwe akauliza taratibu, "Baba, mbona hii baridi bado inapuliza?"

Wadau, hapa ndipo Mungu alinipa mlango wa kutokea. Taa zote za dashibodi zinawaka. Kiyoyozi kinapuliza kama Makambako. Neno READY limeandikwa kwa kijani mbele ya pua yangu. Mimi nikageuka kwa kujiamini nikamwambia, "Hiyo ni baridi iliyobaki, mama."

Iliyobaki! Kama ukoko.

Nyuma honi zikaanza. Afande akaja: "Toa gari barabarani." Nikaita vijana wawili wa bodaboda, elfu mbili mbili, na muuza korosho akajitolea bure kwa kunihurumia. Shemeji nikamwambia shuka usukume. Akashuka, akatoa simu, eti anachukua ushahidi wa bima. Bima ya nini? Hata mkwaruzo hakuna!

Ghafla nasikia mlango wa nyuma unafunguliwa. Mama mkwe anashuka, anakaza khanga kiunoni.

"Mama, hapana! Mama, kaa! Mama, shikamoo!" Nilishamwamkia Mbezi. Ilinitoka tu.

"Marahaba. Nikikaa humu nakuongezea uzito, baba." Akaenda nyuma, akaweka mikono miwili kwenye buti, katikati ya wale vijana.

Nikaweka N. Gari ikaanza kusogea. Polepole, ikashika kamwendo, nami nikaanza kupata matumaini. Hapo wale vijana wakapaza sauti kwa pamoja: "Ingiza gia! Ingiza gia!"

Mwenye akili angejiuliza gari ya otomatiki inawashwaje kwa kusukumwa. Lakini mimi nimelelewa na Corolla ya gia za mkono, miaka saba naisukuma. Mwili ulikumbuka kabla ya kichwa. Mguu wa kushoto ukapapasa klachi, ukaikosa. Mkono ukatupa D. Mguu wa kulia ukakanyaga mafuta mpaka kwenye kapeti.

Mota ya umeme haivuti pumzi kwanza. Gari iliondoka kama imeitwa na mzazi wake. Na iliondoka bila sauti, kwa hiyo wale wa nyuma hawakupewa hata taarifa. Nikatupa jicho kwenye kioo, na hiyo picha naomba isinijie nikiwa kitandani. Watu wanne wameinama, mikono mbele, wanasukuma hewa. Muuza korosho anatazama viganja vyake. Mama mkwe katikati, mikono kaitandaza kama anapokea mtoto kutoka kwa mkunga. Akaifuata gari hatua moja, ya pili, ya tatu. Ya nne ndala ikabaki.

Ndipo injini ikaamua kuamka: VRUUUM. Mbele nafasi imefunguka, afande anapunga mikono, "Nenda! Nenda wewe!" Nikaenda. Nimeondoka na kuku, nimemwacha mwenye kuku.

Mengine mafupi. Hakuna aliyeumia. Nilisimama baada ya mataa ya Mwenge, mama mkwe akanifikia kwa bodaboda, kakaa upande, ndala mguu mmoja, hasemi neno. Nauli ya bodaboda nimelipa mimi. Vijana nao walinifuata na hesabu yao, na muuza korosho akakumbuka kwamba siku hizi hajitolei bure.

Usiku nikampigia fundi. Akauliza, "Kwenye dashibodi iliandika nini?" Nikamwambia READY. Akanyamaza mpaka nikadhani salio limekata.

"Basi ilikuwa imewaka, kaka. Muda wote."

Na yule dada? Alikuwa anakumbusha tu kwamba kadi ya kulipia barabara za Japani haijawekwa kwenye kifaa chake. Mara tatu. Pale Mwenge. Fundi akanisisitizia pia nisizibe matundu ya hewa yaliyo chini ya kiti cha nyuma, maana ndiyo yanayopoza ile betri kubwa. Ndiyo, ni palepale lilipokuwa begi la mama.

Leo asubuhi nimemwambia mama nitampeleka kanisani Jumapili. Kaniuliza nitampitisha wapi, ili avae viatu vya kufunga.

Status ya shemeji inafutika saa 12 jioni, mnaotaka kucheka chekeni mapema. Na kama kuna mtu wa maeneo ya Mwenge kaiokota: ni ndala ya bluu, mguu wa kulia, kamba imeshonwa kwa uzi mweupe. Anitafute. Mwenyewe anaiulizia kila nusu saa.