Gari Likichemsha Ihumwa, Kila Mtu Fundi

Fungua boneti pale Ihumwa, nje kidogo ya Dodoma mjini, mvuke ukitoka, uone. Wa bodaboda huyo. Muuza zabibu na beseni lake kichwani, huyo. Mzee anayesubiri basi la Kongwa naye anasogea, mikono nyuma kama mkaguzi. Hukumu yao moja: "Toa themostati hiyo. Ni ya nchi za baridi!"

Jamani, themostati imewakosea nini?

Themostati ni mlango tu wa maji, kati ya injini na rejeta, ile ya mbele inayoyapoza. Kwenye Corolla za zamani huanza kufunguka karibu digrii 82, injini ikishapata joto. Ukiitoa, injini inashinda na baridi siku za kipupwe, inakunywa mafuta kama imealikwa harusini, na kwenye injini nyingi maji yanapita njia ya mkato bila kufika kwenye rejeta. Una mashaka nayo? Ifunge uzi, ining'inize kwenye sufuria ya maji jikoni, isiguse chini. Isipofunguka maji yakikaribia kuchemka, tupa, nunua nyingine na mpira wake. Kile kitundu chenye kipini kikae juu, hewa ipite. Sufuria usiirudishe kwenye mboga, utalala sebuleni.

Cha ajabu, hakuna anayeuliza: linachemsha likisimama au likipanda mlima? Kama ni kwenye foleni, shika feni. Washa AC, feni isipozunguka, angalia fyuzi, relei (swichi inayoipa feni umeme) na waya kabla ya kumfukuza mtu kazi. Kama ni mlimani, rejeta imeziba, au bomba la mpira la chini ya rejeta linanywea pampu ya maji ikivuta. Zima injini, chomoa waya wa feni (vidole havina spea), papasa rejeta: palipo baridi katikati ya joto ndipo palipoziba.

Na anayeziba ni nani? Wewe, na dumu lako la maji ya kisima! Maji yetu ya Dodoma yana chumvi; tazama utando mweupe ndani ya birika lako. Ndio huo huo kwenye rejeta. Weka kulanti, dawa ya kupozea injini, nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa kwa mvuke, yale ya betri. Maji, nimesema. Siyo asidi!

Halafu kuna mfuniko wa rejeta, ambao hakuna anayeuhesabu. Mji uko kama mita 1,100 juu ya bahari, maji yanachemka karibu digrii 96. Mfuniko mzima ulioandikwa 0.9 unalibana shinikizo hadi yavuke digrii 110. Mpira wake ukikauka kama chapati ya juzi, maji yanatoka, na wewe unalaumu injini. Usiufungue wa moto, lakini.

Ukiona mapovu yasiyoisha rejetani injini ikiwa bado ya baridi, au bomba la mpira la juu linakuwa gumu dakika chache tu baada ya kuwasha, pole: gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya kichwa cha injini na sehemu yake ya chini, imekwisha. Hedi ipimwe kwa rula ya chuma. Ikipinda zaidi ya milimita 0.05, ikachongwe. Anayesema "tufunge tu, itakaa" hatakuwepo ikigoma Gairo.

Ukimaliza, jaza polepole, lita 5 au 6, injini iungurume mfuniko ukiwa wazi, na hita moto hadi mwisho ili hewa itoke. Ndiyo, hita, saa saba mchana, mwezi wa kumi. Mzee wa basi atakuuliza kama una malaria.